Kipi Kinangoja Kipi

Nasra mwanangu,

Salamu za barua ni za watu walio mbali, na wewe hata mji huu wa Ibra hujatoka. Umekwenda sokoni na mama yako kununua mapazia, mtarudi kabla ya magharibi, na mimi nimekaa majlisi, chumba cha wageni, na kalamu ya risasi, kifutio na karatasi za ofisini. Kwa hiyo tuanze tu.

Mambo ya gesi, ya kufunga mlango, ya kutia mafuta kabla ya kushika njia ya Sur, mama yako ameshakwambia mara tatu, na ya nne atakwambia kesho kwenye dirisha la gari. Mimi siyagusi. Nina mambo mawili. La kwanza ni la kazi, kwa sababu unakwenda Sur kuwa mpangaji wa ratiba katika ujenzi wa skuli, na kazi hiyo nimeifanya karibu miaka thelathini na nimewahi kuiharibu. La pili ni baina yako na Bibi. Kuna jambo nililolifanya mimi, nyinyi wawili mkaliumia, na sitaki utoke nyumba hii kesho hulijui. Ningeweza kuanza na hilo la pili. Nimejaribu, na karatasi mbili zimekwenda kwenye pipa. Nikianza na kazi mkono utakuwa mwepesi, na huko nitafika, usiwe na wasiwasi.

Jana wakati wa chakula cha mchana uliniuliza nini? Ulikuwa umetandaza makaratasi ya mkandarasi mpaka juu ya sinia la wali, ukasema, "Baba, meneja anataka mistari, mhandisi anataka visanduku, programu inachora vyote. Mie nianze na kipi?" Nikakujibu, "Inategemea." Mama yako akasema hilo ndilo jibu la mtu wa serikali, anajibu na hajajibu. Haya, jibu lenyewe hili.

Mchoro wa mistari unaujua. Juu siku, pembeni kazi, na kila kazi ina mstari wake, mrefu au mfupi kwa kadiri ya siku zake. Mtu yeyote anausoma kwa dakika moja, hata mkubwa aliyekuja kwa dakika moja. Siudharau. Lakini unasema lini, hausemi kwa nini. Mistari miwili inakaa mmoja karibu na mwenzake kama abiria wa ndege, haijuani.

Unaikumbuka Idi ile niliyobandika ratiba ya mistari mlangoni mwa jiko? Mbuzi mstari mmoja, kutia nyama viungo mstari wa pili, kuifunga majani na magunia wa tatu, na wa nne kuipeleka kwenye shimo la mtaa la shuwa, nyama ya kuokwa chini ya ardhi. Rangi nzuri kabisa. Mbuzi akachelewa, viungo vikasubiri, na shimo la mtaa halimsubiri mtu, likishafunikwa ndiyo basi mpaka lifunuliwe. Nyama yetu ikabaki nje. Tuliipika kwenye oveni siku mbili na mama yako akawaambia wageni kwamba hiyo ni shuwa ya wahandisi. Mpaka leo dada zangu wananiuliza khabari za mistari.

Mchoro wa mishale nilifundishwa chuoni. Hapo kila kazi ni mshale, na mishale inakutana kwenye viduara. Ni mchoro mkali. Hauruhusu uweke kazi hewani, lazima useme imetoka wapi na inakwenda wapi. Ndani yake mna kitu kinaitwa mshale wa nukta, na wewe unakijua kwa mtihani tu, kwa sababu siku hizi hamuuchori sana. Mshale wa nukta hauna kazi ndani yake. Hauna siku, hauna mafundi, hauna saruji. Unasema jambo moja tu: kile kinakingoja hiki. Tutauhitaji baadaye.

Visanduku ndivyo nilivyovitumia zaidi. Kila kazi kisanduku, na mishale inabaki kwa ajili ya kungojana peke yake. Tulipokuwa tunalaza bomba la maji Bidiya, wachimbaji walikuwa mbele na walaza bomba nyuma yao, na hapana aliyemngoja mwenzake amalize njia nzima. Kwa mishale ningelazimika kuikata kazi moja vipande kumi. Kwa visanduku niliandika tu kwamba bomba lianze siku mbili baada ya mtaro kuanza, nikaenda kula. Ukiwa na kazi zinazofuatana zikikanyagana visigino, chukua visanduku.

Na kuna kazi zinazorudi nyuma. Niliwahi kuwa na tangi moja, tunalijaza, linavuja, tunaliziba, tunalijaza, linavuja. Mara nne. Mistari, mishale, visanduku, vyote hivyo vinakwenda mbele tu, havijui kurudi. Ukiwa na jambo la kujaribu ambalo huna hakika nalo, lichoree karatasi yake mbali, na njia ya kurudi uionyeshe waziwazi, na umwambie meneja kwamba hapa huenda tukazunguka. Atakasirika. Afadhali akasirike mapema.

Hayo yote yamo vitabuni na vitabu unavyo. Sasa nakwambia ambalo halimo.

Ulikuwa na miaka kumi na nne. Nilipewa kusimamia matengenezo ya falaj, mfereji wa kumwagilia mashamba, katika kijiji kimoja nyuma ya Izki. Kipande cha mfereji, mita mia mbili hivi, kilikuwa kinavuja kabla maji hayajafika kwenye mashamba. Kazi yenyewe ndogo. Tulaze bomba la muda pembeni, tuyapitishe maji humo, tuufunge mfereji, tuvunje sakafu ya zamani, tumwage saruji, tungoje ishike, tufungue. Ukikaa nayo na kalamu ni visanduku saba na mishale sita.

Mimi nikachora mistari. Sababu yake hakuna anayeijua ila mama yako.

Ukichora visanduku, kila mshale ni suali. Huwezi kuuchora mpaka umwulize mtu: hii inangoja nini? Na pale wa kuulizwa alikuwa mtu anaitwa Hamed, wakili wa falaj, yaani yule anayesimamia zamu za maji za kijiji kizima. Kila shamba lina saa zake za maji, na zamu yao ilikuwa inazunguka siku kumi. Hayo niliyajua kwa kusikia. Zaidi ya hapo nilikuwa sijui kitu. Wenzangu ofisini walikulia ndani ya mashamba hayo, wanajua zamu ya maji kama wanavyojua majina ya ami zao. Mimi nimezaliwa Unguja mjini, maji yetu yalikuwa ya bomba. Nilikuja huku nina miaka kumi na mbili, na skuli watoto walinicheka Kiarabu changu mpaka nikajifunza kunyamaza. Nilipokuwa mhandisi nilikuwa bado nanyamaza. Mhandisi mzima, na ndevu zangu, nimwendee mkulima nimwulize zamu inakwendaje? Nilishajua watakavyosema nikiondoka: huyu si ndiye yule Mzinjibari.

Basi nikachora mistari. Mistari haikulazimishi umwulize mtu. Unaweka tarehe, unatia rangi, unabandika ukutani, kila mtu anatikisa kichwa.

Bomba la muda lilikuwa linatoka Maskati. Lori likaharibika Bidbid, pale njia inapogawika, likakaa siku nne. Katika ratiba yangu mstari wa bomba ulikuwa unamalizika Jumamosi na mstari wa kufunga mfereji unaanza Jumapili. Kwa macho ungesema vinajuana. Hapakuwa na mshale wowote baina yao. Msimamizi wa mafundi, mtu mwaminifu kabisa kutoka Kerala, aliamka Jumapili, akatazama ukutani, akaona leo ni kufunga, akafunga. Alifanya nililomwambia. Mimi nilikuwa Nizwa kwenye mkutano. Nilipofika Jumatatu sakafu ya mfereji ilishavunjwa na maji yote ya kijiji yalikuwa yanakwenda wadini, kwenye bonde kavu.

Ilikuwa mwezi wa sita, tende zinaanza kujaa, na jua unalijua. Bomba lilipofika tukakuta halilingani na mdomo wa mfereji, tukaliacha. Kutoka siku ya kufunga mpaka kufungua zilikuwa siku kumi na moja. Hata hapo nilijituliza. Nilisema kichwani mwangu, maji yakirudi zamu itaendelea pale iliposimama, kila mtu atachelewa sawasawa na mwenzake, hapana aliyedhulumiwa. Nani aliniambia hivyo? Hapana mtu. Nilijitungia mwenyewe, nikajiamini.

Siku ya tatu Hamed akanikuta pale mferejini. Alikuwa dereva wa lori la maji zamani, mtu mfupi, mwenye haraka, zamu zote za kijiji anazo ndani ya simu. Nikamwambia hilo la zamu kuendelea pale iliposimama. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba Ijumaa imehamishwa.

"La, ya Khalfan," akasema. "Zamu haisimami. Siku ikipita, imepita na mtu wake. Anangoja ya pili."

"Hata kama maji hayakuja?"

"Hata kama hayakuja. Nikimpa wa jana leo, wa leo nitampa lini? Tutapigana mpaka Idi." Kisha akanionyesha kwa kidole. "Nyumba yangu ile. Mlango wa kijani. Miezi mitatu unapita hapo na gari."

Wengi waliokosa walikosa zamu moja. Mwanamke mmoja, Bi Shamsa, mjane, zamu yake iliangukia siku ya kwanza na siku ya kumi na moja. Alikosa zote mbili. Alikuwa amemwagilia siku kumi kabla hatujafunga, na zamu yake iliyofuata ilikuwa siku kumi baada ya ile ya pili. Hesabu mwenyewe. Siku thelathini, mwezi wa sita. Tulileta malori ya maji, lakini vichochoro vya mashamba vimejengewa punda, lori likaishia kwenye ukuta, na kwa ndoo tulifikia miti ya mbele tu. Mitende ilivumilia, ikamwaga nusu ya tende zake. Mindimu haikuvumilia. Ilikuwa kumi na minane. Nimeihesabu mwenyewe, imekauka imesimama.

Nilikwenda kwake. Alinikaribisha barazani, yeye na mwanawe mkubwa, wakaniletea tende na kahawa, nikala na kunywa kama ada, na hapana aliyetaja mti. Nilipotikisa kikombe kuonyesha nimetosheka ndipo aliposema. Alisema kwa upole kabisa, Nasra, na ningependa angenitukana.

"Niliambiwa kuna mhandisi anakuja kutengeneza falaj. Nikasema lazima atapita kutuuliza kila mtu zamu yake. Niliweka kahawa siku mbili."

Nilisema nisamehe, akasema Mungu asamehe, nikatoka.

Siku ya pili yake nikagonga mlango wa kijani. Tukachora upya ratiba ya kipande kilichobaki cha mfereji, mimi na Hamed, juu ya boneti ya gari, visanduku na mishale, na kwa kila mshale nilimwuliza. Ilituchukua saa moja. Katika saa hiyo aliniambia mambo ambayo nisingeyajua hata ningekaa Izki mwaka mzima: nani anaweza kubadilishana zamu na nani, saa zipi ni za msikiti na haziguswi, shamba gani limekodishwa na wa kuulizwa yuko Sumail. Kiarabu changu hakukicheka. Alicheka mwandiko wangu.

Tangu hapo sianzi kwa kutazama ukubwa wa mradi wala programu inayotumika. Najiuliza kwanza ni suali gani hapa sitaki kumwuliza mtu. Mchoro unaonilazimisha kuliuliza, huo ndio ninaouchora wa mwanzo, kwa kalamu ya risasi, nyumbani kwa mwenye jibu. Mistari naichora mwisho, ya kubandika. Wewe utakuta mwenyewe namna yako. Ila ukijiona siku moja unapenda sana mchoro fulani na unautetea, jichunguze kidogo unamkwepa nani.

Haya. Mkono umeshakuwa mwepesi, sina kisingizio tena.

Miaka miwili iliyopita ulipata ile nafasi ya Malaysia. Mwaka mmoja wa mafunzo, na kampuni uliyoiomba mwenyewe, bila ya mimi kumpigia mtu simu. Nakumbuka ulivyoingia na simu mkononi ukashindwa kusema, ukampa mama yako asome. Na wiki ileile Bibi alikuwa ametoka hospitali, amepasuliwa goti. Mimi nikakuita hapa, majlisi, nikakwambia Bibi yako hawezi kuachwa, na kwamba yeye mwenyewe ameniomba ubaki. Uliitazama simu yako. Kisha ukasema, "Kama Bibi kasema, basi." Ukawaandikia kuwa huendi, na nafasi ile haikurudi.

Bibi hakusema.

Alisema kinyume chake. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, nimekaa naye, mguu wake uko juu ya mto, aliniambia maneno haya, na sikuyasahau kwa sababu nimeyabeba miaka miwili: "Huyu mtoto mwache ende, Khalfan. Mie nna mamake hapa, nna weye, nna msichana wa kazi. Goti langu si la kumfunga mtu." Nikamwambia, "Haya, mama." Nikatoka chumbani kwake nikaja kukwambia lile nililokwambia.

Goti la Bibi na safari yako havikuwa na uhusiano. Niliweka mshale wa nukta baina yao kwa mkono wangu. Ndiyo ubaya wa mshale ule, hauna kazi ndani yake ya mtu kwenda kuikagua. Ungeona siku na mafundi ungeuliza. Nukta tu, na jina la Bibi mwisho wake, nani atauliza? Na mimi nilijua hutauliza. Ungemwuliza Bibi tu ungejua, na nilikuwa na hakika kwamba kwa adabu yako hutamwuliza mgonjwa kama kweli anakuhitaji. Nilitegemea adabu yako. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa nini? Niliogopa. Sina neno la kitaalamu. Kaka yako yuko Maskati na watoto wake, anakuja Alkhamisi moja kwa mwezi, ana haraka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu. Nilijiona nakaa mezani na mama yako tunatazamana, na nyumba kimya, na wewe huko unaongea na watu nisiowajua. Ningeweza kukwambia hivyo. "Nasra, naogopa, nipe miezi miwili nizoee." Huenda ungenicheka, huenda ungelia, halafu ungekwenda. Ningekuwa nimekuuliza na ungekuwa umenijibu. Badala yake nikampa Bibi lawama abebe, mtu mwenye goti moja.

Hujasema kitu tangu hapo, kwa sababu wewe si mtu wa kusema. Lakini naona. Zamani ulikuwa unaingia chumbani kwake ukitoka kazini, unavua viatu, unalala pembeni mwake anakusuka na kukusimulia watu wa Malindi ya Unguja ambao sisi sote tumechoka nao. Sasa unasema shikamoo mlangoni, unaitikiwa marahaba, unapita. Ijumaa iliyopita alikuomba umtungie uzi kwenye sindano. Ukasema, "Nna kazi, Bibi." Ukatoka. Hukuwa na kazi, ulikaa jikoni na simu. Alibaki na sindano mkononi, akaniuliza, "Nimemkosea nini mtoto huyu?"

Nikamwambia, "Hujamkosea kitu, ana mambo ya safari."

Hiyo ilikuwa mara ya pili nasema uongo baina yenu. Wiki nzima sikukaa sawa. Ningekaa kimya, kesho ungemuaga kwa shikamoo ya mlangoni, ukaenda Sur, yeye akabaki anajihesabia makosa yake kwenye tasbihi. Mtu wa miaka themanini na mbili. Sur si mbali, najua, utakuja Alkhamisi. Lakini sitaki kuyaacha haya yangoje Alkhamisi.

Nimeiweka kalamu chini hapa, nimekwenda kwake. Nilifikiri nimalize barua kwanza, halafu nikaona nafanya yaleyale, naandika kuhusu mtu aliye chumba cha pili. Nimerudi sasa hivi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Alikuwa anasikiliza redio, akaizima aliponiona uso. Nikamwambia yote, nimesimama, kama siku niliyovunja kioo cha jirani. Malaysia, nilivyosema yeye kakuomba, na Ijumaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nikangoja nitukanwe, na Bibi yako unamjua akitukana, ana maneno ambayo Unguja yenyewe wameshayasahau.

Hakunitukana. Alivuta pumzi, akasema, "Kumbe mtoto hana neno na mie." Akalirudia. Kisha akasema, "Na mie nikisema labda mate yananitoka, labda nanuka uzee, ndo maana hataki kukaa nami." Nasra, miaka miwili alikuwa anafikiri hivyo. Nilikaa chini hapo, kwenye zulia. Akaniwekea mkono kichwani kidogo tu, akauondoa, akasema, "Weye si wa kuaminiwa, lakini n'nini tena, ushasema."

Kusamehe kwake ni kwake. Kwako bado. Sikuombi kwa sababu nimeshaandika kurasa nyingi, wala kwa sababu ni mzazi. Ulipoteza mwaka na huo siwezi kukurejeshea. Ukitaka kunipigia kelele nipigie, kelele sikuwahi kukuzuia, nilikuzuia kujua. Ukitaka usiseme nami mpaka Sur, pia sawa, nitaelewa, nitakupakilia vitu vyako garini kimya.

Nilikuwa na nia ya kuitia barua hii ndani ya begi lako, chini ya shuka, uikute huko. Wewe ungekuwa mbali na mimi, na Bibi angebaki hapa anangoja. Nimeacha. Nitakupa mkononi mara tu mtakapoingia, kabla hujavua baibui, na nitamwambia mama yako asikuite jikoni.

Nilipokuwa natoka chumbani kwake, Bibi hakuniuliza kwa nini nilifanya. Aliuliza mtarudi saa ngapi. Nikamwambia kabla ya magharibi. Akaniomba nimsogezee kiti cha plastiki karibu na kitanda, akavaa ile kanga yake mpya, na tangu hapo amekaa, ameelekea mlangoni.

Babako,
Khalfan